Simu Isiyopokelewa Haina Bei

Wadogo zangu, mimi ni mstaafu. Msicheke. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na ndevu zangu ni chache kiasi kwamba kila moja ningeweza kuipa jina. Lakini kazi nilianza nikiwa darasa la sita, kila likizo na kila jioni baada ya shule, na wiki iliyopita nilistaafu kwa heshima zote. Mdosi wangu, Adeer Noor, yaani Ami Noor, alinipa soda moto akasema, "Waryaa, kijana, nenda ukasome. Wateja wangu umewamaliza kwa mdomo." Hapa Garissa hiyo ni hotuba kubwa ya kumuaga mtu.

Likizo ijayo mmoja wenu atakalia kile kiti changu chenye miguu mitatu na tofali. Kwa hiyo tulieni mzee wenu awape siri za kazi kabla sijazisahau, maana siku hizi kichwa kimejaa fizikia na hakuna nafasi ya vitu vya maana.

Duka la Adeer Noor lilikuwa na mashine mbili. Ya kwanza ni taar, ile redio ya kupelekeana sauti: sanduku la chuma, betri ya lori, waya mrefu uliofungwa juu ya paa la mabati, na maiki yenye kitufe. Ukibonyeza unasema, ukiachia unasikia, ukimaliza unasema "ova". Ya pili ni simu ya mezani, nyeusi, nzito, inayotunzwa kama bibi harusi. Simu ni ya siri lakini inakula hela. Taar ni rahisi, ila ukiongea unaongea na mkoa mzima. Kila duka la taar limewasha redio, na kila redio imezungukwa na watu wasio na kazi. Ukipiga chafya Garissa, mtu wa Bute, mbali kaskazini, anakuombea rehema.

Nakumbuka mfanyabiashara mmoja wa ngamia aliyekuja kumwambia ndugu yake kwa taar, "Uza hata kwa bei ya chini, niko na haraka." Akatoka amefurahi kwamba ametumia hela kidogo. Kufika sokoni, kila mnunuzi alimpokea kwa tabasamu na bei ya chini. Somo la kwanza hilo. Andikeni.

Somo la pili ni salamu. Sisi watu wa huku tuna ugonjwa, na dawa yake sijaiona hospitalini. Mtu wetu hawezi kusema shida yake kabla hajauliza nabad, yaani amani: watu nabad? Watoto nabad? Mifugo nabad? Mvua je? Na yule jirani mwenye mguu? Mzee mmoja alipiga simu Jeddah kwa mtoto wake ili aombe karo ya mdogo wake. Akasalimia mpaka muda ukaisha, laini ikakata. Akatoka anapangusa jasho, uso unang'aa.

"Adeer, umemwambia habari ya karo?" nikamuuliza.

"Subhanallah! Nimesahau." Akafikiri kidogo. "Lakini nimemsalimia vizuri sana."

Hapo ndipo mimi, mgunduzi wenu, nikabuni salamu za nje. Mteja akija, kabla hajagusa simu, namkalisha kwenye benchi nje. "Mimi ndiye mtoto wako wa Jeddah. Anza." Ananisalimia mpaka amalize yote, mimi najibu nabad, nabad, alhamdulillah, halafu namsukuma ndani akiwa mtupu kabisa, hana salamu hata moja, anakwenda moja kwa moja kwenye jambo lake. Ilifanya kazi ajabu! Nimekuwa mtoto wa watu wengi, wadogo zangu. Nimekuwa hata mume wa mama mmoja ambaye mumewe yuko Sharjah, na alinigombeza kweli, mpaka nikaomba msamaha na kuahidi kurudi nyumbani. Ndiyo maana mtaani wananiita Kata Salamu.

Mambo mengine madogo ni haya. Taar ongea asubuhi. Jua la mchana likipanda sauti inakauka kama nyama ya kuanika. Usipige kelele, geuza mdomo kando ya maiki kidogo na uongee taratibu. Na mteja akisahau kuachia kitufe, mpige kidole. Hata akiwa mzee. Hasa akiwa mzee. Omba radhi baadaye.

Lakini elimu yangu ya juu, ile ambayo chuo kingekuwepo ningefundisha mimi, ni hii: simu isiyopokelewa haina bei. Na hapo lazima niwaambie habari ya Eedo Shamsa, yaani Shangazi Shamsa.

Eedo Shamsa anauza vitambaa sokoni. Mnamjua; sauti yake inafika kabla ya yeye. Mwaka huo zamu yake ya ayuuto, ule mchango wa akina mama wa kupokezana, ilikuwa imefika, na wenzake walikuwa wanakwenda Dubai kununua mali. Kwake ilikuwa mara ya kwanza kutoka nje ya nchi. Shida ilikuwa moja: binti yake Hodan alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limefika puani. Hodan ameolewa na kijana wa Habaswein, lakini alikuja kujifungulia kwa mama yake kama ilivyo desturi, na sasa mama anaondoka. Asipokwenda, zamu imepita na biashara imekufa. Akienda, moyo unabaki Garissa.

Huko Dubai alikuwa na mtoto wa dada yake, Bile, anayebeba mizigo kwenye ghala moja la Deira. Bile alikuwa amenunua simu ya mkononi! Ya kwake, mfukoni, yenye antena ya kuvuta. Alituma habari na msafiri kwamba habo wake, yaani dada wa mama yake, akifika atamwazima, kwa sharti moja: "Habo, piga unavyotaka, mradi usiongee."

Watu walimcheka Bile. Mimi sikucheka. Mimi nilitambua kwamba yuko mtu mwingine duniani mwenye akili kama yangu.

Basi nikakaa na Eedo Shamsa tukapanga. Kila siku baada ya sala ya alasiri atapiga simu ya duka. Ikilia na kulia bila kupokelewa, maana yake mtoto bado na Hodan ni mzima. Hodan akijifungua salama, tutainua mkono wa simu na kuuweka mezani, ili yeye apate ule mlio wa bize. Pande zote mbili hakuna anayelipa kitu.

"Na ikipokelewa?" Eedo Shamsa akauliza.

"Ikipokelewa, Eedo, tutaongea."

"Ikipokelewa," akasema, "nitajua kuna balaa. Nitapanda ndege ya kwanza. Mali ibaki barabarani, sijali."

Akaondoka. Na siku ya kwanza baada ya alasiri, simu ikalia! Wadogo zangu, nyie hamjui raha. Tulikaa mikono mapajani tukiitazama inavyolia, tunachekelea kama wendawazimu. Eedo Shamsa kafika, yuko Dubai, anatuuliza, na sisi tunamjibu kwa kukaa kimya! Adeer Noor ndiye aliyeteseka. "Simu yangu inalia kama mbuzi wa kuchinjwa na mimi nimekaa tu," alisema, anajishika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Siku ya pili watu wa maduka ya jirani walikuja kusikiliza. Siku ya tatu mtu alileta kahawa. Ilikuwa mechi ya mpira, ila sisi tulishangilia mpira unaopita bila kuguswa.

Halafu akaja Awowe Gure.

Awowe, yaani Babu Gure, ni babake Adeer Noor. Alishuka kutoka Bute kwenye lori la mbuzi, na fimbo yake na godoro, kuja kutibiwa macho. Mzee mpole, mwenye adabu ya zamani, ambaye maishani hajakaa karibu na simu. Siku hiyo, kwa kuwa ni msafiri, alikuwa ameunganisha sala ya adhuhuri na ya alasiri kama msafiri anavyoruhusiwa. Kwa hiyo adhana ya alasiri ilipolia, sote tukaenda msikitini, yeye akabaki dukani kwenye mkeka na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia. Nilimwambia asimwache mtu aguse redio. Simu sikuitaja. Nani angefikiria?

Siku nyingine imamu wetu husalisha haraka. Siku hiyo alipata sura ndefu, akaipenda. Tunarudi, nikiwa bado mlangoni navua viatu, nikasikia sauti ya Awowe, tamu kama asali:

"Nabad, nabad, alhamdulillah, sote nabad. Bute imenyesha kidogo, lakini malisho..."

Niliruka juu ya benchi. Nikanyakua mkono wa simu. Tuu, tuu, tuu. Imekatika.

"Awowe! Ni nani huyo?"

"Mwanamke mmoja," akasema, amekunja uso. "Adabu yake kidogo. Mimi namsalimia, yeye anapiga kelele, 'Nini kimetokea? Nini kimetokea?' Nikamwambia nabad. Akalia. Nikamwambia nabad tena. Akalia zaidi."

"Lakini kwa nini uliinua?"

Alinitazama kama mtoto asiyelelewa. "Kitu kinalia. Ni mtu anabisha hodi. Nimwache mlangoni?"

Hapo inabidi muelewe, hasa nyinyi mliozaliwa mjini. Kwetu mtu akikuletea habari ya msiba haisemi mlangoni. Anakaa. Anasema nabad. Anapewa chai. Anasema nabad, mvua, malisho. Ukiona mtu anasema nabad polepole na kwa upole mwingi, anza kutafuta leso. Na hakuna mtu mkoa huu anayesema nabad polepole na kwa upole kuliko Awowe Gure. Dubai, Eedo Shamsa alikuwa amesikia simu imepokelewa na mzee asiyemjua, anayemwambia kila kitu ni amani. Kwake Hodan alikuwa ameshafariki na kuzikwa.

Adeer Noor alishika kichwa. Mimi nikatimua mbio hadi bulla yetu, mtaani kwetu, nikamkuta Hodan kivulini, anakula tikiti maji na kulitukana jua. Nikamweleza huku napumua kama mbwa.

"Mama atarudi leo hii," akasema. Hakucheka. "Nyinyi hamumjui. Ataacha kila kitu." Akatupa ganda la tikiti, akasimama kwa kujishikilia ukuta. "Twende."

"Na hali hiyo?"

"Twende, Kata Salamu, kabla sijakukata wewe."

Sasa mimi mtaalamu wa simu nikagundua kwamba sina simu. Laini ya duka wiki hizo ilikuwa ya kupokea tu. Ya kupiga nje ilikuwa imefungwa kwa sababu Adeer Noor na bili hawaelewani. Posta imefungwa, ni Jumamosi. Na namba ya Bile hatuna, maana mpango wetu mzima ulikuwa wa yeye kutupigia. Mtu mmoja tu Kenya nzima ndiye aliyeijua: mama yake Bile, Habo Dahabo, dada wa Eedo Shamsa, anayelima vitunguu Rhamu kando ya mto Daua.

Taar! Alasiri, jua bado kali, wakati mbaya kabisa. Nikabonyeza. "Rhamu, Rhamu, hapa Garissa, ova." Upepo tu. Tena. Upepo. Ndipo duka la taar la Habaswein likaingia, safi: "Garissa, Rhamu hawakusikii. Mimi nawasikia wote. Sema, nipeleke." Basi nikasema, na Habaswein akapeleka, na mkoa mzima ukasikia: Shamsa anadhani binti yake amekufa, mleteni Dahabo, mbio!

Alitolewa shambani. Rhamu wakahangaika na waya wao, na ghafla sauti yake ikatufikia moja kwa moja, inapumua.

"Assalaam aleikum, Garissa. Nabad?"

"Nabad, Habo. Namba ya Bile, tafadhali, ova!"

"Mama yako nabad?"

"Nabad! Namba, Habo!"

"Na yule bibi yako aliyekuwa na mgongo?"

Wadogo zangu, mimi Kata Salamu, ambaye watu wanakuja kutoka mbali kukatwa salamu, nilikaa pale nikajibu habari ya mgongo. Mpaka mtu wa Bute, ambaye hakuna aliyemwita, akashindwa kuvumilia. "Dahabo, wallahi mpe mtoto namba! Hapa watu wamesimama juu ya viti!"

Akaitoa. Kwa kichwa, anaiimba kama kisomo. Mtu wa taar wa Eastleigh, Nairobi, ambaye pia alikuwa amesikia kila kitu, akaidaka kabla yangu. "Nimeipata. Nawapigia kutoka hapa, nawaunganisha, ni sadaka yangu kwa huyo mtoto." Kuunganisha maana yake alishika mkono wa simu mdomoni mwa spika ya redio, na akawa anaugeuza na maiki kwa zamu. Ndiyo teknolojia yenyewe. Msidanganywe na watu wa vitabu.

Tukasikia Bile, mbali, kama yuko ndani ya mtungi. "Habo Shamsa amefunga begi. Yuko mlangoni na viatu. Ndege ya leo usiku. Nisaidieni."

"Mpe simu!"

Adeer Noor akachukua maiki. "Shamsa, nabad. Wallahi nabad."

Kilio. "Mnanificha!"

Awowe Gure akaona aibu, akaomba maiki ili arekebishe. "Binti yangu, ni mimi niliyekosea, hapa ni nabad tupu..."

Kilio kikapanda. Kila nabad ilikuwa jembe la mchanga juu ya kaburi. Nikajaribu mimi: "Eedo, Hodan ni mzima, yuko hapa!" Akasema, "Na wewe pia, mtoto mdogo, wamekufundisha kuficha." Nilihisi machozi, na mimi si mtu wa machozi. Tungeapa mpaka magharibi asingetuamini.

Ndipo Hodan akanisukuma kwa tumbo. Kwa tumbo, naapa. Akanyakua maiki, akabonyeza kitufe kama anaua kunguni.

"Mama! Lile beseni la pinki la kuogeshea mtoto nililokuagiza umenunua, au umekaa hapo unalia? Nisikilize! Ukirudi mikono mitupu, mtoto huyu nampa jina la mama mkwe wangu, na wewe nitamfundisha akuite jirani! Ova!"

Akaachia.

Redio inakwaruza. Nilitazama ile taa nyekundu ndogo, na nikajua kwamba kutoka hapa hadi mto Daua kila mtu anaitazama ya kwake.

Kisha sauti ya Eedo Shamsa, nzito, imejaa kamasi.

"Huyo ni Hodan wangu. Hakuna mwingine anaweza kukosa adabu hivyo." Akavuta pumzi. "We mshenzi. Beseni ulisema rangi gani?"

Kabla Hodan hajabonyeza, redio ililipuka. "Pinki!" Habaswein wakapiga kelele. "Pinki, Eedo!" Bute. "Pinki, Shamsa, pinki!" Dahabo kutoka Rhamu, na nyuma yake shamba zima la vitunguu. Mtu wa Eastleigh alicheka mpaka akaangusha simu. Adeer Noor alimkumbatia babake. Mimi nilicheza juu ya kiti, na mguu wake mmoja ukavunjika, na ndiyo sababu kiti mtakachokalia kina tofali.

Na kelele zilipotulia, kutoka Habaswein ikaja sauti ya mama mtu mzima, polepole kabisa:

"Hodan. Mimi niko hapa nasikiliza."

Mama mkwe. Alikuwa dukani tangu mwanzo, amekaa mbele. Hodan alirudisha maiki mezani kama mtu anayeweka yai.

Eedo Shamsa alibaki Dubai, akamaliza manunuzi yake, akarudi na mali na mabeseni mawili ya pinki, la pili likaenda Habaswein. Mtoto ni msichana, na ndiyo, ana jina la mama mkwe. Kwa usalama. Hadi leo Hodan akipita sokoni watu wa Bute wanaomjua kwa sauti tu wanamuuliza kama beseni lilifika.

Lakini siku ninayoipenda ni ile aliyojifungua, asubuhi, kabla mama yake hajarudi. Habari ilipofika dukani Adeer Noor alisema lazima aliyeharibu atengeneze. Kwa hiyo ilipofika alasiri tulimkalisha Awowe Gure mbele ya simu, tukamwonyesha: inua, usiweke chini, basi. Akainua kwa mikono miwili. Mkono wa simu ukiwa juu, huku kwetu hakuna kinacholia, hatukuweza kujua kama Eedo Shamsa amepiga au bado. Tulikaa tu, sote, tunautazama ule mkono wa simu sikioni mwa mzee.

Baada ya muda nikaona midomo yake inatembea. Nikasogea.

"Nabad, binti yangu," alikuwa ananong'ona. "Nabad. Hii ni nabad ya kweli."

"Awowe," nikamwambia, "hakuna mtu hapo. Hasikii."

"Najua," akasema, hakuutoa sikioni. "Lakini akifika mlangoni, asitukute tumenyamaza."